Loji Iko Katoro, Ramani Iko London

Ukitaka kujua kama mwenye loji wa Katoro, mkoani Geita, anaimiliki kweli tovuti yake, usimwombe hati wala risiti. Fungua ukurasa wa "Wasiliana Nasi" ushuke mpaka kwenye ramani. Kama tovuti imejengwa kwa WordPress na nyongeza yake maarufu ya Elementor, na aliyeweka ramani aliiburuta tu akaiacha ilivyo, utakuta loji imesimama kando ya mto Thames, pembeni ya lile gurudumu kubwa la watalii linaloitwa London Eye, maana hapo ndipo kisanduku cha ramani huanzia kabla hakijaambiwa kitu. Kama fundi alijitahidi kuandika vipimo vya mahali lakini akasahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, Geita yote inahamia kaskazini mwa Uganda, jirani na Gulu, bila pasipoti. Kama aliacha sifuri kwa sifuri, mgeni anaelekezwa katikati ya bahari, Ghuba ya Guinea, ambako mwenyeji pekee kwa miaka mingi alikuwa boya la wataalamu wa hali ya hewa. Na kama kila kitu kiliandikwa sawasawa ila ufunguo wa API haupo, au upo na umekufa, ramani inakuja imefifia, imegongwa mihuri ya Kiingereza inayosema kwamba hii ni ya majaribio tu, na katikati kinaruka kisanduku cheupe kinachouliza: je, wewe ndiye mmiliki wa tovuti hii?

Watu wengi huliona swali hilo kuwa hitilafu. Mimi naliona kuwa swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye tovuti za ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama, Segese na Kakola hadi Geita, Nyarugusu na Rwamgasa. Ninachodai ni kwamba mikasa ya ufunguo wa API huku kwetu, pamoja na kelele zote zinazoifuata, haitokani na ugumu wa teknolojia. Inatokana na mwenye mali kukubali mtu mwingine aandikishwe badala yake. Na kinachochekesha, ukipenda kucheka, ni kwamba kosa hilo linafanywa na watu ambao kwa kila kitu kingine kinachong'aa hawana masihara hata chembe na suala la nani mwenye mali.

Kwa ambaye hajakutana nao, ufunguo wa API ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao kampuni humpa mteja ili tovuti yake iruhusiwe kuomba huduma, na ili ijulikane hesabu iandikwe kwa nani. Ule wa ramani za Google huanza na AIza na una herufi 39. Tovuti za kuburuta, zile za Wix, Squarespace, WordPress na ndugu zao, zimewafikia wafanyabiashara kwa ahadi kwamba hutahitaji kujua kuandika msimbo. Unaburuta picha, unaburuta maandishi, unaburuta bei, na jioni duka lako la pampu za kutolea maji duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, lina tovuti yenye picha ya mama wa Kizungu aliyevaa hedifoni, anatabasamu kana kwamba amewahi kuona tope la Nyarugusu. Ahadi inatimia mpaka pale kisanduku kinapoandika: weka ufunguo wako hapa. Hapo uburutaji unaisha. Fundi yuko Mwanza, mwenye duka yuko Katoro, na anayeijua nywila ya tovuti ni kijana wa steshenari Geita mjini. Ufunguo unasafiri kwa WhatsApp. Kijana anapokea picha ya skrini badala ya maandishi, kwa hiyo anauchapa kwa mkono, herufi moja moja, na hapo ndipo I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zinapoanza kujibu kwa jina moja. Anayebahatika kupokea maandishi anayanakili pamoja na nafasi tupu ya mwisho, au pamoja na nukta ambayo fundi aliiweka kwa adabu tu ya kumaliza sentensi. Mfumo haujui adabu, unakataa. Yanafuata mashauriano: zima simu uwashe, safisha kivinjari, jaribu kwa laini nyingine. Yupo atakayeshauri kusubiri usiku wa manane mtandao unapokuwa na kasi, na ushauri huo utafuatwa, na ramani itafifia kwa kasi zaidi.

Hayo yote huisha kwa nusu saa na soda. Kisa chenyewe kiko kwenye malipo. Tangu mwaka 2018 Google inataka nyuma ya ufunguo wa ramani kuwe na akaunti ya malipo, yaani kadi, hata kama mwisho wa mwezi hutatozwa senti. Kwa utaratibu ulioanza Machi 2025, ramani ya kawaida ya kusogezasogeza kwenye tovuti ina maombi 10,000 ya bure kila mwezi, na loji ya Katoro ingehitaji umaarufu wa Serengeti ili iyamalize. Lakini neno kadi likishatajwa, mwenye loji anarudi nyuma hatua mbili na kutamka maneno ambayo ningependa yapigwe marufuku mkoani: "Weka ya kwako tu, tutarekebishana." Anadhani ameokoa hela. Alichofanya ni kukabidhi. Kuanzia dakika hiyo ufunguo ni wa fundi, akaunti ni ya fundi, barua pepe inayopokea maonyo ni ya fundi, na fundi naye, kwa kuwa ni binadamu na ana wateja wengine, anauchukua ufunguo huo huo na kuupachika kwenye tovuti ya shule ya awali, ya kanisa, ya duka la pampu na ya muuza mchele wa Kagongwa. Siku kadi yake inapokwisha muda, ramani zote zinafifia asubuhi moja, na watu wasiojuana kutoka wilaya tatu wanaanza kumpigia kwa wakati mmoja. Simu haipatikani. Fundi ameajiriwa Bulyanhulu, na ule ni mgodi wa chini kwa chini.

Sasa mtazame mwenye loji huyo huyo akiwa kwenye duara lake. Leseni ndogo ya uchimbaji, kwa Sheria ya Madini ya 2010, hutolewa kwa Mtanzania kwa miaka saba, na jina lililoandikwa humo linajulikana kijiji kizima. Chini ya jina hilo yupo mwenye duara, aliyetoa hela ya matimba, kompresa na ugali. Chini yake wapo wachimbaji. Mawe yakipanda juu hugawanywa kwa mifuko, mbele ya watu, na hapo husikii mtu akisema tutarekebishana. Mifuko ikienda karasha, mwenye mali anaifuata mwenyewe au anamtuma mtu wa damu yake akeshe pale, kwa sababu unga wa mawe una miguu. Mchanga ukioshwa mwaloni macho hayaondoki kwenye karai mpaka zebaki ishike. Hata marudio, yale mabaki yaliyokwisha kuoshwa, yana mwenyewe, maana kesho yatakwenda plenti kuchenjuliwa upya. Dhahabu ikifika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, inapimwa mbele ya ofisa wa serikali, mrabaha unakatwa na karatasi inatoka ikiwa na jina la muuzaji. Hakuna hatua isiyo na jina la mtu.

Huo si utamaduni wa juzi. Upande wa Shinyanga, tangu Dk. John Williamson alipogundua almasi za Mwadui mwaka 1940, mgodi ulikua pamoja na mji wake ndani ya uzio, na wenyeji wa nje ya uzio walijifunza mapema kwamba kitu chenye thamani kina lango na lango lina mlinzi. Mwaka 2017 nchi nzima, kuanzia bungeni hadi kwenye vijiwe vya kahawa, ilibishana juu ya makontena 277 ya makinikia (mchanga wa madini) yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, hoja nyingi zikizunguka jambo moja: ndani mna nini, na kimeandikwa kwa nani. Ubishi ule ulizaa sheria mpya mwaka huo huo, na mwaka 2019 ukazaa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo serikali ina asilimia 16. Mtu aliyeufuatilia ubishi ule kwa miaka miwili, akajua tofauti ya makinikia na dhahabu safi, hawezi kunishawishi kwamba kuuliza "akaunti ya ufunguo wangu iko kwa jina la nani?" ni kazi ya wasomi.

Nitaambiwa kwamba fundi ndiye mtaalamu, na kazi ya mwenye loji ni shuka safi na maji ya moto. Nakubali, hasa kuhusu maji ya moto. Lakini mpiga baruti naye ni mtaalamu, anaujua mwamba kuliko mwenye leseni, na bado leseni haiandikwi kwa jina lake. Oktoba 2022 kampuni ya Toyota, hao hao walioiletea barabara ya Geita na Katoro magari ya michomoko yanayobeba watu kuliko viti, ilitangaza kwamba mkandarasi aliyetengeneza tovuti ya huduma yake ya T-Connect aliweka sehemu ya msimbo kwenye GitHub, mahali pa wazi, tangu Desemba 2017, na ndani ya msimbo huo mlikuwa na ufunguo wa seva ya data. Ulikaa hapo karibu miaka mitano. Anwani za barua pepe 296,019 za wateja zilikuwa hatarini kusomwa na yeyote. Toyota wana wanasheria, wana wakaguzi, wana wahandisi wa kujaza uwanja wa CCM Kirumba, na bado kilichowaponza kilikuwa ni kitu alichoachiwa fundi. Mjanja atasema, basi kama wakubwa hukosea, kwa nini sisi wa Katoro tusimangwe? Kwa sababu Toyota walipogundua, walifunga msimbo na kubadilisha ufunguo ndani ya siku chache. Waliweza, kwa kuwa ulikuwa wao. Mwenye loji wetu akigundua, anachoweza kubadilisha ni mlio wa simu anaosikia akimtafuta fundi.

Pingamizi la pili ni la unyenyekevu: sisi ni wadogo, nani atahangaika kutuibia? Unyenyekevu huu unashangaza ukitoka kwa watu wa Geita, mji ambao watu wake wamekula kwa magwangala. Mgodi mkubwa ulipokuwa unamwaga mawe yasiyokuwa na maana kwao, wananchi waliyapigania, wakayabeba, wakayasaga, wakapata dhahabu ya ada ya shule. Hakuna kinachotupwa Geita bila mtu kukipekua, na mtandao mzima wa dunia una tabia hiyo hiyo, isipokuwa wapekuaji wake ni roboti, hawalali wala hawadai chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa misimbo iliyowekwa wazi GitHub, wakakuta funguo zimevuja katika maghala ya msimbo zaidi ya 100,000, na maelfu ya funguo mpya yakiongezeka kila siku. Wengi wa waliovujisha hawakuwa Toyota. Roboti haiulizi kama biashara yako ni ndogo. Inatafuta herufi zinazoanza na AIza, basi. Na kufuta baadaye hakusaidii sana, kwa kuwa kilichofutwa kwenye ukurasa hubaki kwenye historia ya msimbo, kwenye nakala za zamani na kwenye simu za wote walioupokea ujumbe.

Tena ramani ni afadhali. Loji nyingi na maduka sasa yanatuma ujumbe mfupi kwa wateja kupitia kampuni za SMS, na huko nako kuna ufunguo, mara nyingi pamoja na mwenziwe wa siri. Jina la mtumaji, lile lisilozidi herufi 11 linalotokea badala ya namba, ni la biashara yako. Aliyeshika funguo hizo anaweza kumaliza salio lako la ujumbe kwa usiku mmoja, na akiwa na roho mbaya anaweza kuwaandikia wateja wako, kwa jina lako, ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshawahi kuupokea: ile hela tuma kwenye namba hii. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli wa aina hiyo, lakini mteja aliyeona jina la loji yako hatamripoti tapeli. Atakuja kaunta akiwa na shemeji zake. Hapa ndipo ninapokosa maneno. Mfanyabiashara huyu akiwa kwa wakala anafunika simu kwa kiganja, anageuka ukutani, anaweka namba ya siri ambayo hata mkewe wa ndoa ya miaka ishirini haijui. Kisha anarudi dukani na kuutuma ufunguo wa siri wa SMS kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, kwa kuwa fundi yumo humo, na itakuwa rahisi aone.

Lipo pingamizi la tatu, na hili linatoka kwa mafundi wenyewe, nalo ni zito kuliko yote. Wanasema: ufunguo wa ramani hauwezi kuwa siri, kwa sababu kivinjari cha mgeni lazima kiupate ndipo kiiombe Google picha, yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa atauona. Kwa hiyo kelele zote hizi za nini? Wana haki, na anayesema kila ufunguo ni siri ya kufa nayo anapotosha. Kuna funguo za kuonekana na funguo za kufichwa. Wa ramani unaonekana. Ulinzi wake ni kuambiwa, kule kwenye akaunti ulikozaliwa, kwamba ufanye kazi kwenye tovuti yako tu na kwa huduma ya ramani tu, pamoja na kikomo cha maombi kwa siku. Ukiibwa ukapelekwa tovuti nyingine, unagoma. Wa SMS na wa malipo haupaswi kukaa kwenye ukurasa hata kwa dakika. Unakaa upande wa seva, na hata Wix wametengeneza sehemu maalumu ya kuhifadhi siri za aina hiyo. M-Pesa ya Vodacom, kwenye mfumo wake wa wazi kwa watengenezaji programu, haipokei hata ufunguo wenyewe ulivyo: lazima kwanza ufichwe kihisabati kwa ufunguo mwingine wa umma ndipo uombe kibali cha muda. Wanajua wanashughulika na nani. Lakini angalia pingamizi hili linakotufikisha. Ile mipaka ya tovuti, huduma na kikomo huwekwa wapi? Ndani ya akaunti. Na akaunti ni ya nani? Fundi aliyenipinga kwa hoja nzuri hivyo ndiye pekee anayeweza kuiweka, na kwa kuwa anautumia ufunguo mmoja kwa kanisa, shule na muuza mchele, kuubana kwa tovuti moja ni kuwaangusha wengine. Kwa hiyo anauacha wazi.

Wapo watakaoona nimewaonea watu wa Katoro na kuwasamehe wenye makampuni. Siwasamehi. Anayekuuzia kisanduku cha kuburuta kwa ahadi kwamba msimbo haukuhusu, kisha akakutupa katikati ya dashibodi ya wahandisi iliyojaa vitufe vya Kiingereza, ambako kabla ya kupata ufunguo unatakiwa kwanza kuunda "mradi", kuwasha huduma ambayo jina lake linafanana na nyingine kadhaa, na kusoma masharti marefu kuliko hotuba ya bajeti, huyo amekudanganya kistaarabu. Mtu wa kawaida akifika pale akamwita fundi, si mvivu. Ningefurahi kuona kampuni moja ya aina hiyo inaeleza jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa mfano kwamba ufunguo huu ni wako, bili yake ni yako, mpe fundi ruhusa ya kuutumia lakini usimpe umiliki. Lakini malalamiko haya, ingawa ni ya haki, hayaondoi hoja. Fomu za leseni nazo hazikuandikwa kwa lugha ya mapenzi, na watu wa ukanda huu wamezijaza, wamezilipia na kuzihuisha, kwa kuwa walijua kilichopo chini ya ardhi ile.

Nitaongeza jambo linalokwenda kinyume na hamu ya mafundi wengi: nusu ya tovuti hizi hazihitaji ufunguo wowote. Ukifungua Ramani za Google kwenye kompyuta, ukatafuta loji yako, ukabofya sehemu ya kushiriki, kuna chaguo la kupachika ramani ambalo linakupa kipande cha kunakili, bila ufunguo, bila kadi, bila safari ya Mwanza. Kinatosha kabisa. Na hata hicho ni anasa, maana mgeni wa Katoro hafiki kwa ramani. Anafika kwa kupiga simu akiwa stendi, na kuambiwa apande bodaboda, amwambie dereva "pale karibu na sheli mpya, nyuma ya msikiti, geti la bluu", na bodaboda atamfikisha huku ramani ya simu ikiendelea kutafuta mtandao. Sina hakika kwamba ubunifu wowote wa California utaishinda njia hiyo katika muda wa uhai wangu. Hatari ya ufunguo wa ramani usiohitajika ni mazoea unayoyazaa. Mwenye loji aliyezoea kusema weka ya kwako tu kwa jambo dogo atasema hivyo hivyo atakapoongeza malipo ya mtandaoni, na siku hiyo fundi atakuwa ameandikishwa kwenye hela.

Kisha kuna sheria, ambayo haina mzaha wa aina hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Loji inayokusanya majina, namba za simu na namba za vitambulisho kupitia fomu ya tovuti imeshika taarifa za watu, na ikivuja kwa sababu ufunguo ulizagaa kwenye kundi la harusi, wa kuulizwa ni mkusanyaji. Kusema "fundi ndiye alikuwa na akaunti" mbele ya ofisa wa Tume kutafanana sana na kusema mbele ya ofisa wa madini kwamba leseni ya duara lako iko kwa jina la mpiga baruti. Atakutazama kwanza, ahakikishe kwamba hutanii.

Mwisho kabisa ataniambia mtu, kwa sauti ya upole, kwamba fundi huyo ni shemeji yake, na kuanza kumuuliza habari za umiliki ni kumvunjia heshima. Hili nimelifikiria zaidi ya hoja za Toyota. Lakini kwenye mgawo wa mifuko ndugu wa tumbo moja huhesabu kwa sauti, mmoja anataja namba na mwingine anaitikia, na jioni wanakula sahani moja. Shemeji naye angefurahi, nadhani, kuacha kupigiwa simu saa tano usiku na mchungaji wa kanisa asiyejua kwa nini ramani yake inauliza maswali.

Kwa hiyo wewe mwenye loji, mwenye shule, mwenye pampu au mwenye mchele, fungua barua pepe ya biashara, nywila uishike mwenyewe, na akaunti ya huduma yoyote yenye ufunguo ifunguliwe kwa barua hiyo. Fundi aongezwe kama mtumiaji, alipwe vizuri, na siku akiajiriwa mgodini aondolewe kwa heshima. Ufunguo wa SMS au wa malipo uliowahi kupita kwenye kundi la WhatsApp, hata lile la familia, ubadilishwe leo. Ule wa ramani ubanwe kwa tovuti yako peke yake. Na ukiona ramani yenyewe huihitaji, iondoe, uandike namba ya simu kwa tarakimu kubwa juu kabisa ya ukurasa, baada ya kuhakikisha kwamba laini hiyo imesajiliwa kwa alama ya kidole chako, si cha fundi.